Hesabu na Amana: Maneno juu ya Kujumlisha, Kutoa, Kudhurubu na Kugawanya

 

Barazani huulizwa suala hili: mtu aliyehesabu sawasawa, asikosee hata tarakimu moja, je, yamkini kuwa amedhulumu? Wengi hujibu upesi kwamba haiyumkini, kwani mbili na mbili ni nne kwa kadhi na ni nne kwa mwizi, na hesabu haina ukoo wala upendeleo. Jawabu hili ni kweli nusu yake. Na ile nusu ya pili, ambayo watu hawaitazami, ndiyo iliyokwisha kula mikarafuu ya mayatima wengi. Kwa hiyo yafaa suala lirudiwe tangu mwanzo, tangu pale mtoto anapofundishwa kuhesabu kwa vidole vyake.

Matendo ya asili ya hesabu ni manne: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, ambako wazee hukuita kudhurubu, na kugawanya. Mawili katika hayo hayajali ni kipi kilichotangulia. Mwenye kuanza na 7 akaongeza 5 hupata 12, na mwenye kuanza na 5 akaongeza 7 hupata 12 ile ile. Na dharuba ndivyo ilivyo. Mtu akisimama upande mmoja wa shamba akaona safu 6, kila safu miti 9, atasema miti ni 54. Akizunguka akasimama ubavuni, ataona safu 9 za miti sita sita, na miti ni 54 vile vile. Haukupandwa mti wala haukukatwa kwa kuzunguka kwake. Katika matendo haya mawili hata asiyejua mpango hapotei, na hata mwenye hila hapati mlango wa kuingilia kwa kupanga na kupangua.

Kutoa na kugawanya si hivyo kabisa. Mwenye 7 akitoa 5 amebakiwa na 2. Mwenye 5 akitakiwa atoe 7 amebakiwa na deni. Pishi 12 zikigawanywa kwa watu 3, kila mmoja hupata pishi 4, naye hula na watoto wake siku nyingi. Pishi 3 zikigawanywa kwa watu 12, kila mmoja hupata kibaba kimoja tu. Tarakimu ni zile zile, 12 na 3, na tendo ni lile lile. Kilichogeuka ni ipi imekuwa mali na ipi imekuwa watu. Hapa ndipo mpango unapokuwa na nguvu ya kutajirisha na kufukarisha, na hapa ndipo hesabu inapoanza kuhitaji mtu mwaminifu.

Mambo haya huonekana mepesi mpaka yafike shambani. Litazamwe Wawi, karibu na Chake Chake, katika kisiwa cha Pemba, ambako karafuu ndiyo iliyojenga nyumba, ikaoza wake, ikapeleka watu Hija. Tufani kubwa ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na ya Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya karafuu za visiwa hivi. Na mkarafuu ni mti wa umri mrefu: aupandaye huzikwa, na mwanawe huzikwa, na mti ungali unachumwa. Tena ni desturi ya zamani huko kwamba mti waweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwingine, basi warithi wakikaa kugawana huhesabu miti. Kwa sababu hiyo hesabu ya kugawanya si jambo la skuli tu kwa mtu wa Wawi. Itamfikia, ama akiwa mgawaji ama akiwa mgawiwa, na mara ya mwisho atakapokuwa yeye mwenyewe ndiye maiti.

Kabla ya kufika kwenye mirathi, na lisemwe neno moja juu ya dharuba, kwani iliposemwa kwamba haijali mpango mtu asidhani kwamba haina hatari. Wachumaji wa karafuu, kwa desturi ya mashamba, hulipwa kwa pishi, nayo ni vibaba vinne. Mathalan mchumaji apime pishi 12 kwa siku, na mwenye shamba asikubali pishi ya mfuto, bali ashindilie na kujaza mpaka ifanye kilele, na kilele kile kiwe nusu kibaba tu. Nusu kibaba ni sehemu ya nane ya pishi, na nani atagombana kwa konzi ya karafuu? Lakini 12 mara sehemu ya nane ni pishi moja na nusu, kila siku, bila ujira. Wachumaji 20 kwa siku 30 ni pishi 900. Na wakiwa wachumaji 30 kwa siku 20 ni 900 vile vile. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima kwa jina la wapunjao, wale wapimiwapo hutaka kutimiziwa, na wao wapimapo hupunguza. Na mwenye kuitafakari dharuba ataona kwa nini jambo lililo dogo mkononi limetajwa kwa kitisho kikubwa namna ile. Ni dogo kwa sababu halijadhurubiwa bado.

Sasa tuje kwenye kutoa. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad katika zama za Khalifa al-Maamun, aliyetawala toka 813 hata 833, alipotunga kitabu chake cha al-jabr, ambacho ilimu hiyo imechukua jina lake mpaka leo, alieleza kwamba amekitunga kwa ajili ya haja za watu katika mirathi, na wasia, na kugawana, na madaawa, na biashara. Sehemu kubwa ya kitabu ni masala ya wasia na mirathi. Wako wanaodhani kwamba ilimu ya hesabu na ilimu ya sharia ni majirani wasioamkiana. Kumbe zilikuwa katika nyumba moja.

Sharia imeweka mpango katika mali ya maiti: kwanza mazishi yake, kisha madeni yake, kisha wasia wake usiopita thuluthi, kisha warithi. Watu husoma mpango huu kama adabu tu, kama vile kumtanguliza mkubwa kunawa. Na itazamwe hesabu yake. Mtu amekufa, na baada ya mazishi imebaki shilingi 1,200,000. Anadaiwa 300,000, na ameusia thuluthi kwa asiyekuwa mrithi. Likitangulia deni, hubaki 900,000. Thuluthi yake ni 300,000. Warithi hupata 600,000. Ukitangulia wasia, thuluthi ni 400,000, hubaki 800,000, na likitolewa deni warithi hupata 500,000. Mwenye kudai amepata haki yake kwa njia zote mbili, wala hapana tarakimu iliyokosewa. Lakini laki moja imetoka mikononi mwa warithi ikaenda kwa aliyeusiwa, nayo si laki ya kubahatisha: ni thuluthi ya lile deni hasa. Maana yake aliyeusiwa amepewa fungu katika fedha ambazo hazikuwa za maiti, naye mrithi ndiye aliyelipishwa.

Hapa msomaji wa Kurani aweza kusita, kwani katika aya za mirathi za Sura ya Wanawake wasia umetajwa kabla ya deni. Wanachuoni wameafikiana kwamba deni ndilo litanguliwalo kulipwa, na imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alihukumu deni kabla ya wasia. Ama sababu ya kutajwa wasia mwanzo, wafasiri wameeleza kwamba wasia hutolewa bila ya kupokewa kitu, basi ni mzito kwa nafsi za warithi, na huogopewa kupuuzwa, na deni lina mwenyewe wa kuligombea. Ni maelezo mazuri. Aliye dhaifu alitangulizwa kwa ulimi ili asisahauliwe, na mwenye haki iliyo kongwe akatangulizwa kwa mkono.

Kuliko yote hayo, jambo linalowagawanya ndugu ni mpango wa vifo. Mtu wa Wawi, mathalan, ana mikarafuu 96 na watoto wanne wanaume, na mama yao amekwisha fariki. Baba akafa. Watoto, kama ilivyo desturi ya watu wengi, wakaona haya kugawana upesi, wakasema shamba na liwe la pamoja, tutachuma pamoja. Miaka ikapita, na mmoja wao akafa, akaacha mke na watoto watatu wanaume. Hata siku ya kugawana, ami zao wakasema: sisi ni watatu, 96 kwa 3 ni miti 32 kwa kila mmoja, na mjukuu harithi penye mtoto. Maneno yote mawili ni ya kweli. Kweli 96 kwa 3 ni 32, na kweli mjukuu huzuiwa na mtoto wa kiume. Na juu ya kweli mbili hizo imejengwa dhulma iliyo wazi.

Kwani yule ndugu wa nne hakufa kabla ya baba yake, alikufa baada yake. Saa ile baba alipokata roho, robo ya miti ilikuwa imekwisha kuwa yake, igawanywe au isigawanywe, kwa sababu mirathi hupita kwa mauti, haingoji kikao. Basi miti 24 ni yake, nayo hurithiwa na watu wake: mke thumni yake, ndiyo miti 3, na hubaki 21, kwa watoto watatu ni miti 7 kwa kila mmoja. Hii ndiyo masala inayoitwa munasakha katika ilimu ya mirathi, ambako fungu hugawanywa ndani ya fungu. Na mwenye kuijumlisha ataona 24 tatu za ami, na saba tatu za watoto, na 3 za mjane, jumla 96.

Lakini na igeuzwe. Vifo ni viwili vile vile, watu ni wale wale, miti ni ile ile, ila mtoto alifariki siku moja kabla ya baba. Hapo ami wamesema kweli yote: 32 kwa kila mmoja, na mjane na watoto wa marehemu hawana mti hata mmoja katika shamba la babu yao, ila kama babu amewausia, na yeye aliweza kuwausia mpaka thuluthi, ndiyo miti 32, zaidi ya ile ambayo wangaliipata kwa baba yao. Wazee wengi hawaijui fursa hii au huionea aibu, na hili ni la kusikitisha.

Basi baina ya miti 24 na kutopata kitu ni siku moja tu. Na siku hiyo haimo katika tarakimu. Imo katika vichwa vya watu, na mara nyingi imo katika kichwa cha yule yule mwenye faida katika kuisahau. Ndiyo maana kuandika tarehe ya kufa mtu, na saa yake, ni sehemu ya hesabu kama vile kuandika idadi ya miti, ijapokuwa ni wachache wanaoandika. Na ikiwa haijulikani kabisa nani aliyetangulia, kama waliozama chombo kimoja, hukumu ya Shafii ni kwamba hawarithiani wao kwa wao, bali mali ya kila mmoja huenda kwa warithi wake walio hai. Si masala ya vitabuni tu haya. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilizama meli ya Spice Islander, iliyotoka Unguja ikielekea Pemba, na walikuwamo humo watu wa nyumba moja waliokufa pamoja.

Kugawanya kuna mlango mwingine wa hila, mdogo lakini hupitwa sana, nao ni mabaki. Katika hesabu safi, kugawanya vitu vyote pamoja au kugawanya fungu moja moja kisha kujumlisha ni mamoja. Ndugu watatu walio sawa wana mashamba matatu, kila shamba miti 10. Miti yote ni 30, kila mtu 10. Na thuluthi ya 10 mara tatu ni 10 vile vile. Lakini mti haukatwi vipande vitatu. Wakigawana shamba moja moja, kila shamba kila mtu hupata 3 na mmoja hubaki, na mkubwa husema, huu niachieni mimi, mti mmoja si kitu. Shamba la pili mmoja tena, na la tatu mmoja tena. Mwisho mkubwa ana 12 na wadogo zake wana tisa tisa. Hakuna aliyepokonywa, na kila mara kilichoachwa kilikuwa ni mti mmoja. Wadogo watafahamu msimu wa kuchuma ukifika, na wakati huo kusema ni fitina. Mwenye kutaka salama hujumlisha kwanza, akagawanya baadaye.

Yako pia mafungu yasiyojumlika kuwa kitu kizima. Husimuliwa barazani kisa cha ngamia 17: mtu aliusia nusu kwa mmoja, thuluthi kwa wa pili, na sehemu ya tisa kwa wa tatu, wakashindwa kugawana, mpaka mwenye hekima akaongeza ngamia wake wakawa 18, wa kwanza akachukua 9, wa pili 6, wa tatu 2, jumla 17, naye akarudi na ngamia wake. Watu hushangilia na kukihusisha kisa hiki na Sayyidna Ali bila ya kutaja isnadi. Hapana ajabu ndani yake. Nusu na thuluthi na tisa zikijumlishwa ni 17 katika 18, hazitimizi kitu kizima, na ngamia wa kuazima alificha upungufu ule kwa kuwagawia waliobaki kwa kadiri ya mafungu yao. Wala haiwezi kuwa masala ya mirathi, kwani mafungu ya Kurani ni sita, nusu na robo na thumni, na thuluthi mbili na thuluthi na sudusi, na tisa haimo.

Kwa Sayyidna Ali imepokewa masala iliyo bora kuliko ile, inayoitwa ya Mimbari. Alikuwa juu ya mimbari akaulizwa juu ya maiti aliyeacha mke, na binti wawili, na baba na mama; akajibu bila ya kukata khutuba yake kwamba thumni ya mke imekuwa sehemu ya tisa, akaendelea. Na ipelekwe Wawi tuone uzito wake. Mtu ameacha mikarafuu 216. Mke ana thumni, miti 27. Binti wawili wana thuluthi mbili, miti 144. Baba ana sudusi, 36, na mama sudusi, 36. Jumla ni 243, na miti ni 216. Kila fungu limetajwa na Mwenyezi Mungu, na shamba haliyatoshi. Katika ishirini na nne, mafungu ni 3 na 16 na 4 na 4, yaani 27.

Jambo hili lilitokea kwanza katika zama za Sayyidna Umar, kwa mume na dada wawili, nusu na thuluthi mbili, naye akashauriana na masahaba. Wakalifananisha na wadai wa mtu ambaye mali yake haitoshi: hatangulizwi mmoja akalipwa yote na mwingine akaambulia patupu, bali upungufu huwaingia wote kwa kadiri ya haki zao. Hii ndiyo auli. Miti 216 hugawanywa kwa 27, kila fungu miti 8: mke 24, binti 128, baba 32, mama 32.

Ibn Abbas hakuafiki. Aliona kwamba wako warithi ambao fungu lao halitoki katika kiwango kilichotajwa ila kwenda kwenye kiwango kingine kilichotajwa, kama mke, na wako ambao hugeuka wakawa wa kupokea kilichobaki, kama binti akiwapo ndugu yake mwanamume. Basi hao wa pili ndio wapunguziwe. Kwa rai yake hutolewa kwanza 27 za mke, na 36 za baba, na 36 za mama, na binti wakapata 117 zilizobaki badala ya 128. Wanachuoni walio wengi wameishika auli, na madhehebu ya Shafii imo humo. Walakini mwenye kuchukua kalamu aijaribu rai hii na ile. Umar na walioafikiana naye waligawanya upungufu kwa wote. Ibn Abbas alitoa kwa mpango, mmoja baada ya mmoja. Mke 24, binti 128, baba 32, mama 32, jumla 216. Mke 27, baba 36, mama 36, binti 117, jumla 216.